Hodi ya Nne

Yalikuwapo maradhi, yakaingia kondeni, na kila mnyama akaamriwa ajifungie kwake. Konokono alicheka. "Mie nyumba naibeba mgongoni tangu kuzaliwa. Nani atanifundisha kukaa ndani?" Wote wakamsifu.

Aliyechekwa ni Chiriku, kwa ule mdomo wake. Kila asubuhi alikwenda mlango hadi mlango, akasimama hatua kumi mbali, akapiga hodi na kuuliza, "Jirani, umeamkaje?"

"Huna kazi nyingine wewe?" Fuko alimkaripia. Chiriku hakujali, akapita kwa jirani wa pili.

Siku moja alipiga hodi kwa Konokono. Kimya. Akapiga ya pili, na ya tatu. Kwa desturi, hodi tatu zisipoitikiwa, mgeni huondoka. Chiriku akageuka aende zake, lakini moyo ukakataa. Akarudi, akapiga ya nne.

"Niache," sauti kavu ikatoka ndani. "Siku ya tano hii sili, silali. Nami niliwaambia naweza. Naona aibu."

"Hata mimi siwezi, kaka," akasema Chiriku. "Nikikaa peke yangu kimya, nalia. Ulidhani hodi hizi nawapigia ninyi tu?"

Konokono akachomoza pembe moja, kisha ya pili. Wakazungumza mpaka jua likawa kali.

Siku tatu baadaye Chiriku aliamka hana nguvu hata ya kufungua mdomo. Mara akasikia nje, hatua kumi kutoka mlangoni: "Hodi, dada!"

Alikuwa Konokono. Safari hiyo aliianza siku ile ile waliyozungumza.