Ugomvi wa Siku ya Saba

Sheria ilimtaka kila mpiga kura aishi na mpinzani wake siku saba kabla ya uchaguzi. Kwa mara ya tatu, Mzee Shemdoe wa chama cha Birika alipangiwa Bi Sakina wa Mwavuli. Jozi ikianza kukubaliana, tume huivunja.

Sasa Shemdoe, kwa kisamvu kile cha Sakina, alikwisha kuhama chama kimoyomoyo.

Kabla ya kuwasha kifaa cha tume cha kupima ugomvi, akamnong'oneza, "Nitukane vizuri, mama. Tusije tukatenganishwa."

Kikawashwa.

"Birika lenu limetoboka! Na wewe mzee mnafiki mkubwa!"

Taa ikawaka: bado wapinzani. Wakakizima, wakacheka mpaka machozi. Sakina akampakulia. Shemdoe akala polepole, akijiuliza lile la unafiki lilielekezwa kwa kifaa au kwake.