Sahani Arobaini

"Kigeuze, Fundi! Hicho kidubwana chako kimelenga chumba changu cha kulala!"

Dobi alikuwa amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, kidevu juu ya ukuta, vibanio vya nguo vimembana ukosi mzima kama shanga. Upande wa pili, Fundi wa kuchomelea hakuinua hata uso.

"Sijalenga kwako, jirani. Nimelenga ukingo."

"Ukingo wa nini?"

"Wa dunia."

"Na ukikosa?"

"Sikosi. Nimepima kwa kamba."

"Hata mchimba kaburi hupima kwa kamba!"

Kidubwana chenyewe kilikuwa pipa la chuma refu kuliko mlango, lenye mabawa ya bati pembeni na kiti cha gari kilichochomelewa juu kabisa. Chini yake magogo yalikuwa yakiwaka tangu alfajiri. Maji yakichemka sana, mvuke ukose pa kwenda, Fundi atavuta wenzo, arushwe hadi mawinguni, akajionee kwa macho yake kwamba dunia ni bapa kama sinia. Habari hizo alizipata kwenye simu, na tangu siku hiyo hakuna mwalimu aliyemfaa.

Dobi alikuwa na mashuka sitini ya hoteli kwenye kamba iliyopita juu ya ukuta ule. Lakini tuseme kweli: hayakuwa mashuka yaliyomkosesha raha. Aliyemkosesha raha ni mke wa Fundi. Miaka kumi na sita wamekuwa majirani, wamejifungua wiki moja, siri ya huyu iko tumboni mwa yule. Na leo mwanamke huyohuyo ndiye aliyekuwa akiuchochea moto!

Jana alikuja kuazima sahani.

"Ngapi, shoga?"

"Arobaini. Na mikeka, kama unayo."

Dobi alimpa mikeka, sahani akasema atazileta mwenyewe zikihitajika. Leo asubuhi mwenzake akarudi kuomba chumvi. Sahani arobaini, mikeka, na mume hajafa bado! Kufika saa mbili mtaa mzima ulijua kwamba mke wa Fundi anaandaa msiba wa mtu anayepumua. Kinyozi akauliza kama yupo mwanamume mwingine. Dobi hakusema yupo. Wala hakusema hayupo.

Sasa akateremka kwenye ndoo, akazunguka hadi getini, akainama chini ya kamba aliyoifunga Fundi ili watazamaji wakae mbali. Mke wa Fundi alikuwa nyuma ya pipa, kwenye kigoda, penye geji ya kupimia mvuke na kifuniko cha tundu la kutilia maji. Moshi uliwatoa wote wawili machozi. Pua ya Dobi haikunusa kitu. Dawa ya kung'arishia nguo ilishaiua zamani.

"Shoga, mzuie mumeo."

"Miezi minane namzuia. Nimelia, nimenuna, nimemwita mjomba wake aje amkanye. Mjomba amerudi kwake akiamini dunia ni bapa."

"Basi uzime moto!"

"Nikiuzima leo, kesho atauwasha niko sokoni. Bora aruke nikiwepo."

"Na chumvi ni ya nini?"

"Maji ya chumvi yana hasira," alijibu, akasogeza gogo.

Dobi akamtazama usoni akitafuta huzuni. Hakuiona. Alichokiona ni mtu mwenye haraka, anayeangalia saa.

Fundi akavaa kofia yake ya pikipiki, akapanda ngazi, akajifunga mikanda mitatu. Nyuma ya kamba watu wakarudi hatua moja.

"Mke wangu! Geji inasemaje?"

"Imefika kwenye nyekundu!" Hata hakuigeukia.

"Kama nimekukosea, nisamehe!"

"Nimekusamehe, baba. Vuta."

"Usivute!" Dobi alipiga kelele. "Shemeji, usivute!"

Fundi akavuta.

Fyuuu! Wingu zito jeupe likaumeza ua mzima. Watu wakalala kifudifudi. Kinyozi akalala juu ya mwenzake. Dobi akapiga magoti, mikono kichwani, akaangua kilio cha kutaja wema wa marehemu.

"Uwii! Alinichomelea geti! Alinitilia pasi yangu mpini! Nani atanitilia mpini mimi?"

Ndipo sauti ya Fundi ikasikika kutoka mawinguni.

"Naiona! Nyeupe! Bapa kabisa, haina hata kilima! Na ukingo... nauona ukingo! Jamani, umepigwa pindo!"

Dobi akakatisha kilio katikati ya neno. Upepo ukausukuma mvuke. Kidubwana kilikuwa palepale, magogo yakiwaka chini yake, na juu Fundi alikuwa amekaa, kioo cha kofia kimejaa ukungu, pua imegusana na shuka la hoteli.

"Umeridhika, baba?" mkewe akamuuliza.

"Nimeridhika, mke wangu! Sina tena ninachokitafuta huku juu!"

"Basi rudi. Teremka polepole, safari ilikuwa ndefu."

Kisha mke wa Fundi akainuka kwenye kigoda. Akasukuma kando kile kifuniko cha kutilia maji, ambacho hakikuwa na bolti hata moja, akazamisha mwiko mrefu kama mpini wa jembe, akautoa, akapuliza, akaonja.

"Tandikeni mikeka kivulini," aliwaambia watu. "Na wewe shoga, futa machozi ulete zile sahani. Karibu tule, maharage yameiva tangu saa nne."