Mkono wa Kulia wa Nyamizi

Sheria ilikuwa wazi: kampuni ikimlemaza mtu, bosi wa kampuni anahamia kwa mtu huyo na kufanya kazi za kiungo kilichopotea. Ndiyo maana Bwana Kisanga, mkurugenzi wa kiwanda cha sufuria za presha, alikuwa jikoni kwa Nyamizi akisonga ugali. Sufuria ya kiwanda chake ilimlipukia Nyamizi, mkono wa kulia ukakatwa.

"Kandamiza, bwana! Huo ni ugali au uji?"

Bwana Kisanga alikandamiza, jasho likimchuruzika. Walipokaa kula, alinawa, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi na kumlisha. Nyamizi hakukubali kabisa kula kwa mkono wa kushoto. "Wa kulia ninao," alipenda kusema. "Ndio wewe."

Siku hiyo Bwana Kisanga alikuwa amerudi kutoka kiwandani na sufuria mpya.

"Tumeirekebisha, dada. Zimeshaingia madukani, hata jirani yako Mwamvua kanunua. Ijaribu, ukiridhika uniruhusu nirudi kwangu."

"Haya, bandika maharage."

Akabandika, akawasha jiko, kisha akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni.

"Mbona huko? Njoo usimame hapa, karibu yake."

Bwana Kisanga alitazama sakafu. Hakusogea.

Nyamizi akazima jiko huku akicheka. "Basi, mkono wangu, kesho utanisongea tena."

Kicheko kilikuwa hakijamwisha aliposikia, ng'ambo ya ukuta, sufuria ya Mwamvua ikianza kupiga filimbi, na Mwamvua akiimba kuifuatisha.