Kipa wa Miaka Kumi na Miwili

Bao la nne lilipoingia, spika ilinguruma uwanja mzima wa Kaptembwo. "Huyu kipa ni mlango wa kanisa, jamani. Hafungii mtu nje."

Watu wakacheka. Adongo, aliyekuwa akikaanga viazi kando ya uwanja, hakucheka. Kipa alikuwa mdogo wake wa miaka kumi na miwili, na stima ya spika hiyo ilitoka kwenye kibanda chake.

Alikuwa ameshamwomba mtangazaji mara mbili, kwa upole, aache kumsema mtoto. Akajibiwa, "Siste, huu ni mpira. Anayeogopa kusemwa akacheze mchezo wa kati na wasichana."

"Mpigieni mamake simu aje amchukue," spika ikaendelea. "Huyu ameshiba mabao."

Kule golini mtoto akaanza kuvua glavu, zile za kazi ya mjengo alizoazima kwa baba yao. Alivuta kidole kimoja kimoja, polepole, kama mtu ambaye hatazivaa tena.

Adongo akachomoa plagi.

Vichwa vyote viligeuka. Mtangazaji akaja mbio, maikrofoni mkononi. "Nani amezima?"

"Ni mimi." Sauti yake, ambayo hata kanisani haikuwa ikisikika, sasa ilisikika. "Hakuna anayemlipa huyu mtoto kucheza. Ukiwa na la kumwambia, nenda pale golini umwambie mkitazamana."

"Rudisha stima, siste. Watu wanangoja."

Adongo aliiweka plagi juu ya kigoda, akaikalia.