Mche wa Jikoni

Sikudhani aliuona mche asubuhi, umechomoza kwenye ufa wa sakafu ya jikoni. Alijua sheria, kama kila mtu aliyeishi kando ya msitu unaouzunguka mji: mti wa msitu ukiota mahali, ardhi hiyo ni ya msitu, na nyumba iliyo juu yake huhamwa ndani ya siku tisini. Anayeung'oa hufungwa.

Mkaguzi wa msitu, anayepita nyumba kwa nyumba, alikuwa nyumba ya jirani. Sikudhani aliung'oa ule mche, akautafuna na kuumeza pamoja na mizizi yake, kisha akaziba ufa kwa ugali wa jana.

Mkaguzi aliingia, akapitisha kipimo chake sakafuni. "Jikoni ni salama, dada. Na chumba kile?"

"Mama mkwe wangu yumo. Anaumwa."

"Basi nitakikagua kesho."

Alipoondoka, Sikudhani alimpelekea Bi Chausiku uji. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, ameinua pindo la shuka. Chini ya kitanda, mti uliofika magotini ulikuwa umeinamia dirishani, na udongo wake ulikuwa umelowa.

"Usiuguse, mwanangu," alisema. "Kwetu tuliufyeka msitu wote tujenge, visima vikakauka. Na mimi nilishika panga. Huu naumwagilia tangu Ramadhani."

Sikudhani aliliweka bakuli chini. "Pazi anajua?"

"Mumeo?" Bi Chausiku alimtazama kwa huruma. "Yeye ndiye anayeniletea samadi."