Mlango wa Mama Chiku

Vazi lilikuwa la mabati matupu. Sekela, mbunifu wake, alilivaa mwenyewe, maana kila mwanamitindo aliyemwendea aliiogopa kutu. Mabati hayo aliyaokota kwenye vifusi, siku tingatinga lilipomaliza kazi mtaa wa bondeni. Kifuani aliweka mlango mzima, na komeo lake, na ile alama nyekundu ya X waliyoipaka watu wa bomoabomoa.

Alipotokea jukwaani, ukumbi ulilipuka kwa makofi. Macho yake yalikuwa kwenye viti vya nyuma, kwa wanawake wa bondeni aliowaalika. Hao hawakupiga makofi. Mmoja wao, Mama Chiku muuza uji, alisimama, akakaza khanga yake, akaanza kuja mbele.

"Mwacheni apite," mtu alinong'ona. "Ni sehemu ya onyesho."

Mama Chiku alipanda jukwaani. Akapapasa bawaba ya waya aliyoisokota kwa mkono wake mwenyewe mlango huo ulipokuwa bado nyumbani kwake. Jasho lilimtiririka Sekela ndani ya bati.

"Mama, nilidhani mlango huu hauna mwenyewe," alisema kwa sauti ndogo.

Mama Chiku aliinua mkono. Aligonga bati kwa kifundo cha kidole.

"Hodi."

"Hodi," akarudia, kwa adabu ya mgeni.

Hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu hugeuka akaenda zake. Sekela alitaka kusema karibu, lakini mwenye nyumba hukaribishwaje mlangoni pake?

Mkono wa Mama Chiku ukainuka tena.