Wosia kwa Wapiga Ngoma

"Waliaji wa kukodi sitaki," Poonkodi alisema. "Mtu hanijui, ananililia nini?"

Alikuwa ameketi kwenye mkeka wa Mariappan, mgongo ukutani, kikombe cha uji wa mchele mkononi. Alikuwa amekonda hata bangili zake zilipanda hadi kwenye kiwiko. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa anapanga mazishi yake.

Mariappan alikuwa amewapigia ngoma wafu wa vijiji saba kwa miaka arobaini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwagiza mdundo.

"Endelea, mwanangu," akasema.

"Mkitoka nyumbani kwa baba, pigeni ule wa sikukuu ya mavuno. Mkifika hekaluni, ule wa kuwafungulia mafahali. Halafu kuanzia kituo cha basi mpaka mtoni, wa harusi."

"Wa harusi, kwenye msiba?"

"Nilikuwa nausikia nikiwa mdogo, niko juu ya paa letu, unatokea mtaa huu. Baba alikuwa akifunga madirisha. Safari hii barabarani hatapata dirisha la kufunga."

Mariappan alicheka, kisha akatazama vidole vyake. Baba yake Poonkodi, Thangavel, ndiye mwenye mashamba ya miwa yote kuanzia barabarani hadi mtoni. Watu wake hawakunywa maji katika mtaa wa wapiga ngoma, na wapiga ngoma hawakuruhusiwa kuvaa viatu katika mtaa wao. Mwaka ambao Mariappan alithubutu kuvivaa, walimvunja vidole viwili.

"Umebakiwa na vinane," mkewe, Sivakami, alisema kutoka jikoni. "Hivyo navyo umevichoka?"

"Mama, kama unaogopa..." Poonkodi akaanza.

"Naogopa, ndiyo. Kwani woga umenizuia kupika? Kunywa uji wako."

"Haukai tumboni."

"Utakaa. Kathir akirudi na dawa zako, nitakupa mwingine." Kathir alikuwa mwana wao wa pekee, na alikuwa ameondoka asubuhi kwenda mjini. "Daktari alisemaje?"

"Amenipa miezi saba."

"Miezi saba ni mingi kwa mtu asiyekula."

Poonkodi alipiga funda moja, akafumba macho mpaka likatulia. Kisha akachukua kalamu, akaandika mwenyewe yaliyobaki. Picha iwe ile anayocheka, si ile ya shule, nywele zimelowa mafuta. Maua yawe asumini. Cherehani yake apewe mama yake mzazi, si wifi yake. Na yeyote aliyekataa kula naye asije akala kwenye msiba wake.

Hapo kalamu ikasimama. Baada ya muda akaongeza sentensi moja, akaisoma bila sauti, akaikunja karatasi.

"Hiyo ya mwisho ni ya nani?" Mariappan aliuliza.

"Ya baba."

Haikufika miezi saba. Haikufika hata siku saba.

Ijumaa asubuhi mabango yalikuwa yamebandikwa kuanzia hekaluni hadi kituo cha basi: uso wa Poonkodi, nywele zimelowa mafuta, na chini yake maneno "Machozi yetu ya mwisho." Thangavel alikuwa amenyoa kichwa. Ndani, mkewe alilia mpaka sauti ikamkauka, akakataa kushikwa na mtu. Wanaume wakaibeba machela ya mianzi, maua ya manjano yamerundikwa juu yake hata mianzi yenyewe haikuonekana. Thangavel akajitwika mtungi wa maji begani, kama desturi inavyotaka.

Alikuwa ameagiza ngoma nne na mdundo wa maiti. Zilikuja ngoma thelathini, zimekaushwa motoni tangu alfajiri, na wapigaji wote walikuwa wamevaa viatu.

Mariappan aliinua vijiti. Mdundo wa mavuno ukaupasua mtaa. Waombolezaji wakatazamana, bibi mmoja akajiziba mdomo kwa upindo wa sari, na haikujulikana kama analia au anacheka. Hekaluni ulipoanza mdundo wa mafahali, watoto wakaanza kurukaruka, wakavutwa masikio. Kwenye kituo cha basi ngoma zikabadilika kuwa za harusi, na Thangavel akausimamisha msafara.

"Nani amekutuma upige uchafu huu?"

"Marehemu mwenyewe, bwana. Ni wosia wake."

"Wosia gani? Binti yangu amekufa. Aliyekufa hasemi."

"Aliuandika kwa mkono wake." Mariappan akaitoa karatasi, akaiinua juu watu waione.

Abiria walikuwa wameshuka basini kutazama. Wazee waliotembea nyuma ya machela wakaanza kunong'ona, na mmoja akasema kwa sauti kwamba wosia wa maiti haukataliwi njiani, ni mkosi. Thangavel alimtazama huyo mzee, akatazama zile jozi thelathini za viatu, akaushusha mtungi.

"Usomwe basi, twende zetu."

Mariappan aliikunjua karatasi, akaipapasa kwa kile kiganja chenye vidole vilivyopinda.

"Mimi sikusoma shule, bwana," akasema. Akageuka kwa watu wa mtaa wake waliokuwa nyuma ya ngoma. "Mkwe wangu, njoo utusomee."

Kathir akasogea kando kumpisha mkewe, na Poonkodi, mkono mmoja tumboni, akapita kando ya machela isiyo na maiti, aliyomwandalia baba yake kwa kosa la kuolewa mtaa wa wapiga ngoma, akapokea karatasi, akamtazama Thangavel usoni, akaanzia kwenye sentensi ya mwisho: "Baba, mjukuu wako atazaliwa mwezi wa mavuno, na jina atakalopewa ni la babu yake, Mariappan."